Mficha maradhi ni nani?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa mdogo, nyumbani na shuleni, na siku hizi naisikia pia kwenye spika za magari ya matangazo yanayopita Mtaa wa Msimbazi yakishindana na wapiga debe. Gari linakwenda pole pole, muziki unapunguzwa, sauti inasema: jitokezeni mpime afya zenu, huduma ni bure, msifiche maradhi. Kisha muziki unarudi na gari linakata kona.

Sina ugomvi na gari lile. Ninachotaka kuuliza ni swali dogo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu: huyo mficha maradhi ni nani hasa? Methali inamnyooshea kidole mgonjwa. Inamwona ni mtu aliyejifungia ndani na ugonjwa wake kwa haya au kwa ujinga. Lakini mimi nimeona maradhi yakifichwa na watu wengine kabisa, na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Pale mtaani kwetu, nyuma kidogo ya soko la Kariakoo, yupo dada mmoja fundi cherehani. Ni kiziwi tangu utotoni. Jina lake silitaji; sisi vijana wa pale tunamwita Dada Fundi. Anakaa barazani na cherehani yake ya miguu, anashona sare za shule, anapunguza suruali za mitumba, na ukimpelekea kitambaa cha gauni la Idd siku mbili kabla ya sikukuu anakuonyesha kalenda kwa kidole halafu anacheka. Amesoma shule ya viziwi, anajua kusoma na kuandika, na Lugha ya Alama ya Tanzania ndiyo lugha yake. Mimi nimekua mlango wa pili kutoka kwake. Alama chache nilizonazo nilijifunza pale barazani, nikiokota vishikizo na kumtungia uzi. Ni alama za kuomba maji, za utani, za kupatana bei. Basi.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, gari la matangazo lilipita. Dada Fundi hakulisikia, ila aliona watu wamegeuza vichwa. Akanivuta shati: wanasema nini? Nikamweleza. Akaifunika cherehani, akajitanda kanga, akaniambia twende.

Uwanjani tulikuta mahema. Hema la sukari, la presha, la VVU, na hema la akina mama la uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Foleni ndefu, jua la saa sita. Namba ziliitwa kwa mdomo. Kama nisingekuwepo, angekaa kwenye benchi mpaka magharibi, na kwenye daftari lao ingeonekana kwamba ameitwa, hakuitika.

Zamu yake ilipofika niliingia naye. Muuguzi alikuwa mama mwenye sura njema, ila amechoka. Alimtazama Dada Fundi mara moja tu, kisha akahamia kwangu na hakurudi tena kwake. "Muulize ana miaka mingapi." "Muulize kama ameolewa." "Muulize kwa mwaka huu amelala na wanaume wangapi, na kama wametumia kinga."

Hapo nikakwama. Huyu ndiye aliyenishonea sare ya darasa la kwanza, bure. Nitamuulizaje jambo hilo? Na alama yenyewe niliijua kwa kuwaona wahuni wa kijiweni wakiifanya, tena ni ya matusi. Dada akanikazia macho: kasema nini? Nikamwambia anauliza kama unalala vizuri. Akajibu kwamba analala vizuri sana, alhamdulillah. Nami nikamgeukia muuguzi nikasema, "Hana mtu." Muuguzi akaandika.

Kwenye presha mambo yakawa yale yale. Kijana mwenye mashine alipima, akamwacha apumzike, akapima tena. Akaandika kwenye kadi 178/112, akaniambia, "Mwambie iko juu sana. Aende hospitali leo leo, asichelewe." Nilimtazama Dada Fundi, uso umejaa matumaini ya mtu aliyetoka kupata huduma, nikashindwa. Nikafanya alama ya "juu", halafu nikaongeza ya "kidogo" na ya "usiogope". Nilidhani namwonea huruma. Akaitia kadi kwenye mkoba, tukanunua madafu, tukarudi nyumbani.

Miezi minne baadaye alishikwa na kizunguzungu akiwa kazini, sindano ikampita kidoleni. Alikwenda zahanati peke yake. Huko alimkuta muuguzi aliyechukua karatasi na kumwandikia. Alipoonyesha ile kadi, muuguzi akaandika: hii ilikuwa hatari, mbona hukwenda hospitali? Aliporudi aliniita barazani, akaiweka kadi juu ya meza ya cherehani. Yeye ni fundi, maisha yake ni namba: kiuno, kifua, urefu. Zile namba alikuwa amezisoma tangu siku ya kwanza. Ambacho hakuwa nacho ni maneno yaliyokwenda na namba zile, kwa sababu maneno niliyameza mimi njiani. Akaniuliza kwa alama moja, nyusi amezikunja: ulijua? Nikasema ndiyo. Alikuwa na hasira.

Basi, nani alificha maradhi?

Niliwasimulia wenzangu kijiweni, na wengi walinitetea. Walisema: mshikaji, ulikuwa mdogo, ulijitolea, na bila wewe asingepimwa kabisa. Maneno hayo yalinifariji siku mbili tatu. Halafu nikaona kwamba humo humo ndimo tatizo lilimo. "Bila wewe asingepimwa kabisa." Yaani upimaji wa afya ya mtu mzima, mlipa kodi ya pango, fundi wa mtaa mzima, ulitegemea kama kijana fulani siku hiyo yuko nyumbani au amekwenda kucheza mpira. Hiyo ni bahati, na haki ya mtu haiwezi kutundikwa kwenye bahati.

Tena tuiangalie hiyo "kupimwa" yenyewe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, na mtu asipimwe bila ridhaa yake. Kwa mwenye kusikia, siri ile ni ya watu wawili, yeye na mpimaji. Kwa Dada Fundi ilikuwa ya watu watatu, na wa tatu ni jirani. Waswahili wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilikuwa kata, na kata haikuajiriwa, haikufundishwa, wala haikula kiapo chochote. Na ridhaa je? Mtu hawezi kulikubali swali ambalo hakuulizwa. Wala hawezi kulikataa.

Hili la kukataa ndilo tunalolisahau. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba watu wenye ulemavu hawana mwamko wa kupima. Huenda wapo wasiotaka, kama tulivyo wengi tunaoikwepa sindano. Hiyo ni haki yao. Lakini anayekataa ni mtu aliyefunguliwa mlango akasema leo siingii. Aliyeukuta mlango umefungwa hajakataa chochote, na tukimwandika kwamba "hakujitokeza" tunamsingizia.

Na milango iliyofungwa ni mingi. Mfikirie mtu wa kiti cha magurudumu anayekaa ndani ndani ya Kariakoo. Njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za wamachinga, mtaro uko wazi, pikipiki zimepanda mpaka barazani. Achukue bajaji, hiyo ni nauli ambayo jirani yake mzima haitoi. Afike, akute chumba cha vipimo kiko ghorofani. Abebwe mgongoni kama gunia. Huko juu aambiwe asimame kwenye mzani. Sasa atasimamaje? Uzito wake unakisiwa kwa macho, na kuna dawa ambazo dozi yake inategemea uzito huo.

Mfikirie tena mwanamke huyo huyo kwenye hema la akina mama. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na njia moja inayotumika kuitafuta mapema ni rahisi mno: siki hafifu inapakwa, mpimaji anatazama kama pana mabaka meupe. Siki, pamba na taa. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio wanaohimizwa zaidi. Lakini siki haina kazi kama kitanda ni kirefu kufika kiunoni na hakuna namna ya kukipanda. Na wako wanaopanda kwa shida wakakutana na swali lingine: "Na wewe pia unahitaji kipimo hiki?" Maana yake, na wewe nawe una mwanaume? Swali hilo linafukuza watu kuliko ngazi.

Au mfikirie asiyeona. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, Mtanzania anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe, chumbani kwake. Nia ni njema, siri ibaki siri. Lakini kipimo kinajibu kwa mstari mmoja au miwili, na mistari inasomwa kwa macho. Asiyeona anamwita nani amsomee? Anamwita mtoto wake, au mpangaji mwenzake. Kifaa kilichotengenezwa kulinda siri ndicho kinachomlazimisha aitoe.

Wenzetu wenye ualbino nao wana yao. Kwao saratani ya ngozi ni adui anayeua mapema, na inapoonekana mapema inatibika. Kule Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, wanatengeneza mafuta maalumu ya kuwakinga na jua, na kliniki za ngozi zimekuwa zikiwafuata watu wilayani badala ya kuwasubiri. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jambo linawezekana, tena hapa hapa kwetu.

Najua jibu litakalokuja. Nchi yetu ni maskini, tuanze na walio wengi, hawa wachache tutawafikia baadaye. Hoja hii si ya kudharau. Mwenye shuka fupi lazima achague afunike miguu au kichwa. Lakini nina majibu mawili.

La kwanza ni la hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wa miaka saba na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Hao ni zaidi ya mmoja katika kila tisa. Hesabu watu tisa kwenye foleni ya daladala uone kama hao ni "wachache". Na hesabu haisimami hapo, kwani hujafa hujaumbika. Presha na sukari, yale yale maradhi ambayo mahema yanayatafuta, ndiyo yanayopofusha macho na kupoozesha viungo yakichelewa kuonekana. Kwa hiyo hao tunaowaita "wao" ni sisi, bado kidogo tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022 likisema watu wenye ulemavu ni kama bilioni 1.3 duniani, na kwamba baadhi yao hufa hadi miaka 20 mapema kuliko wengine, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni mazingira na huduma zisizo za haki. Miaka 20 ni umri wa msomaji mmoja wa gazeti hili.

Jibu la pili ndilo ninaloliamini zaidi, maana linasimama hata kama walengwa wangekuwa kumi tu. Kupima afya si sawa na kutibu. Mwenye maumivu hujipeleka mwenyewe hospitali, atatambaa, atabebwa, atafika. Lakini mwenye presha isiyouma hana habari. Ni jamii inayomfuata na kumwita. Julai 14, 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima VVU hadharani hapa Dar es Salaam ili kutuita sote tupime. Gari la matangazo linatuita. Sasa mwenye kualika ana wajibu ambao mwenye kukaa kimya hana. Ukialika watu harusini, mkeka ni juu yako, na njia ya kufikia ukumbi ni juu yako. Huwezi kuweka karamu juu ya mnazi, halafu ukasema waliobaki chini hawapendi pilau. Tunapomwita kila mtu kwa spika, na hema tukaliweka wanapofika baadhi tu, tumesema uongo kwenye mwaliko.

Na wala tusidhani jambo hili ni la hisani. Panda mwendokasi pale Gerezani. Tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016, sakafu ya basi inalingana na sakafu ya kituo. Mwenye kiti cha magurudumu anaingia, mama mwenye mtoto mgongoni anaingia, mmachinga na furushi lake anaingia, bibi mwenye magoti mabovu anaingia. Hakuna anayesema amesaidiwa. Ni kituo kimejengwa sawasawa, basi. Kumbe mjini tunaweza kulinganisha sakafu mbili tukitaka. Kwa nini tuweze kwa nauli tushindwe kwa afya?

Sheria haikosekani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, nchi yetu ikauridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba ule unataka huduma za afya za kiwango kile kile wanachopata wengine, ikiwemo afya ya uzazi. Na mengi ya kuanzia hayahitaji mfadhili. Kuita namba kwa mdomo na kuinyanyua pia kwenye kibao. Hema liwe chini, mahali tambarare. Kitanda kifupi, au ngazi yenye mshikio na mtu aliyefundishwa kumshika mwenzake kwa heshima. Kalamu na karatasi kwa anayejua kusoma. Mkalimani wa lugha ya alama anayejua maana ya kutunza siri, na Chama cha Viziwi, CHAVITA, kipo cha kuulizwa. Vyama vya wasioona vipewe taarifa kabla, ili wao wenyewe waseme wangependa majibu yao yasomwe na nani. Na kubwa kuliko yote, ambalo ni bure kabisa: mpimaji amtazame anayepimwa. Mkalimani hata awe hodari namna gani, anayeulizwa ni yule aliyekaa kitini.

Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi walikufa kwa maradhi na majina yao hayakuandikwa vizuri popote. Mahali penye jina la namna hiyo tungepaswa kuwa waangalifu sana tunapoandika nani alijitokeza na nani hakujitokeza.

Nimalizie na sisi tunaotaka kuwa waandishi. Tunapenda sana kusema kwamba mwandishi ni sauti ya wasio na sauti. Nami nililisema hilo kwa mbwembwe mashuleni, nikapigiwa makofi. Siku ile kwenye hema nilikuwa sauti ya asiye na sauti hasa, na angalia nilichokifanya. Nilichagua nini aulizwe, nikajibu kwa niaba yake, nikalainisha habari mbaya kwa sababu mimi ndiye niliyeogopa. Dada Fundi sauti anayo. Iko mikononi mwake na kwenye kalamu yake. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili kuisoma. Naona kazi yetu, kwenye hema na kwenye karatasi, ni kupeleka maneno kama yalivyo, hata yakituchoma mdomo, na pale mwenyewe anapoweza kuyasema, kumpisha.

Makala hii nilimpa aisome kabla ya kuituma. Aliisoma yote, polepole, mguu umetulia kwenye cherehani. Pale nilipoeleza siku aliyonionyesha ile kadi, mimi nilikuwa nimeandika kwamba alihuzunika. Akachukua chaki yake ya kitambaa, akalikata neno hilo. Akaniambia: sikuhuzunika, nilikuwa na hasira, andika hasira. Nimeandika.

Anameza dawa zake kila siku sasa, na presha imeshuka. Kliniki anakwenda mwenyewe, na daftari mkobani. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: MIMI NI KIZIWI. NIULIZE MIMI.